Kwa nini karakara huchanua bila kuzaa

MKULIMA anayeona maua ya karakara yakipukutika bila kuzaa aghalabu hulaumu mvua au mbegu. Huenda chanzo kikawa kingine: wadudu wanaochavusha wamepungua.

Chavua ya karakara ni nzito na hunata, hivyo upepo hauwezi kuibeba. Kazi hiyo hufanywa hasa na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nyuki hao pia hulitikisa ua la nyanya kwa mvumo wao hadi chavua ikamwagika, jambo lisilowezwa na nyuki wa asali.

Katika mashamba ya Nakuru, kuanzia Subukia hadi Naivasha, hatari zinazowakabili ni mbili. Dawa inayonyunyizwa maua yakiwa wazi huwaua pamoja na wadudu waharibifu. Nayo magogo makavu wanamotagia mayai huishia jikoni kama kuni.

Suluhisho halihitaji fedha nyingi. Mkulima anyunyize dawa jioni, nyuki wakisharudi makaoni, na pale tu wadudu waharibifu wanapoonekana. Aache magogo machache kando ya shamba, na maua ya mwituni yasifyekwe yote kwenye ua. Bila wachavushaji, mbolea pekee haizai tunda.