Hesabu Iliyodhaniwa Haigawanyiki

Kule Kisangani, penye maporomoko ya mto Kongo, wavuvi Wagenia hutega migono mikubwa kati ya miti iliyosimamishwa majini. Tuseme mvuvi mmoja amepata samaki 12. Akiwa na watoto 2, 3, 4 au 6, atawagawia sawasawa bila ugomvi. Lakini akipata samaki 13? Hapo ni taabu. Au awape watoto 13 mmoja mmoja, au ampe mtu mmoja wote. Njia nyingine hakuna, isipokuwa kisu.

Hesabu kama 13 huitwa tasa, maana haizai mafungu sawa. Hesabu kama 12 zina vigawo. Usidhani utazitambua kwa macho tu. 91 yafanana sana na tasa, kumbe ni 7 mara 13. Na 1,001? Jaribu 7, kisha 11, kisha 13.

Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Akapata mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa, wa kale sana, wa miaka kama 20,000. Katika safu moja ya mfupa huo mafungu yana alama 11, 13, 17 na 19: zote tasa! Wataalamu hawajapatana kama mwenye mfupa alilijua jambo hilo, ama lilitokea tu.

Sasa tutazame hesabu kubwa. Weka punje 1 ya mpunga. Ifanye maradufu: 2, kisha 4, kisha 8. Ukifanya hivyo mara 10 utakuwa na punje 1,024. Endelea hata mara 67, halafu ondoa punje moja. Zitabaki 147,573,952,589,676,412,927. Ghala zote za Kisangani hazitoshi.

Mwaka 1644 Padri Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliandika kwamba hesabu hiyo ni tasa. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, na kwa miaka zaidi ya 200 hakuna aliyethibitisha kwamba amekosea. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba inagawanyika; lakini vigawo vyenyewe hakuvipata. Ni kama kutikisa sanduku ukasikia vitu viwili ndani, usiweze kulifungua.

Tarehe 31 Oktoba 1903, huko New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wataalamu wa hesabu. Husimuliwa kwamba hakusema neno. Aliandika ubaoni ile hesabu kubwa. Kando yake akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, mstari kwa mstari, mpaka majibu yakalingana. Akarudi kuketi, nao wakampigia makofi. Inasemekana kazi hiyo ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Angalia basi: kuzidisha ni kazi ya muda mfupi, kutafuta vigawo ilikuwa kazi ya miaka. Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, waliifanya shida hiyo kuwa kufuli. Hata leo habari nyingi za siri zinazopita katika kompyuta hulindwa na hesabu za namna hii, nyingine zenye tarakimu zaidi ya 600. Anayevijua vigawo ndiye mwenye ufunguo.

Kazi ya Cole mwaweza kuipima wenyewe. Jumlisha tarakimu za kigawo cha kwanza: ni 37, 3 na 7 ni 10, 1 na 0 ni 1. Za kigawo cha pili ni 64, kisha 10, kisha 1. Na 1 mara 1 ni 1. Sasa jumlisha tarakimu za ile hesabu kubwa: 109, kisha 10, kisha 1. Zimelingana. Kipimo hiki hukamata makosa mengi, wala si yote. Atakaye hakika kamili na achukue chaki, azidishe mstari kwa mstari.