Ruzuku ya Chanjo ya Mifugo na Haki ya Kupata Taarifa

Ruzuku ni sehemu ya gharama ambayo serikali humlipia mwananchi ili bidhaa au huduma ipatikane kwa bei nafuu. Fedha zake hutokana na kodi. Hivyo kila mlipakodi ana haki ya kujua zilivyotumika.

Chukua mfano wa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, iliyozinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu, Juni 2025. Serikali ilibeba nusu ya gharama: mfugaji alitakiwa kuchangia shilingi 500 kwa ng'ombe na 300 kwa mbuzi au kondoo. Kuku wa asili walichanjwa bure.

Sasa mfikirie mfugaji wa jirani na Buzwagi, wilayani Kahama, mwenye ng'ombe 40. Anapaswa kulipa shilingi 20,000. Asipoijua bei hiyo, anaweza kutozwa 40,000 na akashukuru. Ruzuku itakuwa imetolewa, lakini haikumfikia.

Kinga yake ni uwazi: bei ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, stakabadhi itolewe, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ibara ya 18 ya Katiba inampa haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuziomba.

Zingatia: swali likisema "fafanua", usiishie kutaja uwazi. Eleza nani hupoteza nini uwazi unapokosekana.