PTFE iliyovutwa

PTFE iliyovutwa (huandikwa pia ePTFE) ni plastiki yenye vitundu vidogo sana inayopatikana kwa kupasha moto polima iitwayo politetrafluoroethileni na kuivuta kwa kasi. Hutumika kutengeneza nguo za mvua, mishipa ya damu ya bandia, vichujio, nyaya na vizibo vya mabomba. Watu wengi huifahamu kwa jina la biashara la Gore-Tex.

Mwenye hataza ya njia hiyo alikuwa Mmarekani Robert W. Gore (1937–2020), aliyeigundua mnamo Oktoba 1969. Hata hivyo John Cropper wa New Zealand alikuwa ameshaunda mashine ya kuvuta plastiki hiyohiyo mwaka 1966. Swali la nani kati yao ahesabiwe kuwa mvumbuzi mbele ya sheria lilifika mahakamani, na hukumu iliyotolewa bado hufundishwa kwa wanafunzi wa sheria ya hataza.

Polima yenyewe

PTFE ilipatikana bila kutafutwa. Tarehe 6 Aprili 1938 mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, katika maabara ya Deepwater, New Jersey, alifungua mtungi wa gesi ya tetrafluoroethileni aliyotaka kuitumia katika utafiti wa gesi za majokofu. Hakuna kilichotoka. Uzito wa mtungi ulionyesha kwamba haukuwa mtupu, kwa hiyo Plunkett na msaidizi wake Jack Rebok waliukata kwa msumeno. Ndani walikuta unga mweupe unaoteleza kama nta: molekuli za gesi zilikuwa zimeungana zenyewe kuwa minyororo mirefu. DuPont ilipata hataza mwaka 1941 na kusajili jina la Teflon mwaka 1945. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia plastiki hiyo ilitumika katika mradi wa kutengeneza bomu la nyuklia, kwa sababu vizibo vyake viliweza kustahimili gesi kali ya urani heksafluoridi.

Sifa zake zinatokana na muundo wa molekuli. Kila mnyororo ni uti wa mgongo wa atomi za kaboni uliofunikwa pande zote na atomi za florini. Muungano wa kaboni na florini ni miongoni mwa miungano imara kuliko yote katika kemia ya kaboni, na ganda hilo la florini halivutani sana na molekuli nyingine. Ndiyo maana PTFE haiathiriwi na karibu kemikali zote, haishikani na chakula, na huyeyuka kwenye joto la juu la takriban sentigredi 327.

Hapo palikuwa na ugumu: kitu kisichoshikana na chochote kitapakwaje juu ya kitu kingine? Mhandisi Mfaransa Marc Grégoire alipata jibu mwaka 1954. Aliilowesha aluminiamu kwa asidi mpaka uso wake ukawa na vishimo visivyoonekana kwa macho, kisha akaweka unga wa PTFE na kuupasha moto. Plastiki haikugandana na metali kwa kemia. Iliingia katika vishimo na kunaswa humo, kama mizizi ndani ya nyufa za mwamba. Kampuni ya Tefal, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilichukua jina lake kutoka Teflon na aluminiamu, na vikaango visivyogandisha chakula vikaenea duniani.

Ugunduzi wa mwaka 1969

Mkemia Wilbert Gore aliacha kazi DuPont akaanzisha kampuni yake pamoja na mkewe Genevieve tarehe 1 Januari 1958, katika chumba cha chini cha nyumba yao mjini Newark, Delaware. Biashara ya kwanza ilikuwa nyaya za umeme zilizofunikwa kwa PTFE, wazo lililotoka kwa mwana wao Robert alipokuwa bado mwanafunzi. Robert alipata shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kemikali mwaka 1963, kisha akaingia katika kampuni.

Mwaka 1969 shida iliyokuwa mezani haikuwa kubwa kwa sura: utepe mweupe ambao fundi bomba huzungusha kwenye meno ya bomba kabla ya kulifunga. PTFE ni ghali. Kama ungevutwa ukapata hewa ndani yake, plastiki ileile ingetoa utepe mrefu zaidi. Gore alipasha moto vijiti vya PTFE katika tanuri na kuvivuta polepole, kwa uangalifu, kwa joto tofautitofauti. Vyote vilirefuka kidogo tu vikakatika. Hatimaye, akiwa amekasirika, alikitoa kijiti tanurini na kukivuta kwa nguvu mara moja. Kijiti kilirefuka zaidi ya mara nane bila kukatika, na unene wake haukupungua karibu hata kidogo.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililokuwa la ajabu. Mpira ukivutwa huwa mwembamba. Kijiti hiki kiliongezeka urefu na kubaki na unene wake, maana yake ujazo wake uliongezeka, na sehemu iliyoongezeka ilikuwa hewa. Katika PTFE iliyovutwa hivi hewa huweza kufika asilimia 70 ya ujazo wote.

Chini ya hadubini ya elektroni huonekana vifundo vilivyounganishwa na nyuzi nyembamba mno, na kati ya nyuzi ni uwazi. Maelezo yake ni kwamba unga wa PTFE una chembe ndogo ambazo ndani yake minyororo mirefu imekunjwa kwa mpangilio. Unga huchanganywa na kilainishi, husukumwa kupitia tundu ili upate umbo, kisha kilainishi hukaushwa. Ukivutwa kwa kasi, ukiwa na joto lakini chini ya kiwango cha kuyeyuka, minyororo huchomolewa kutoka katika chembe kama uzi unaotoka kwenye kidonge chake. Ukivutwa polepole, chembe huachana tu. Hataza ya Gore inataja kasi ya zaidi ya asilimia 10 kwa sekunde. Mwishoni utando hupashwa tena juu ya sentigredi 327 kwa muda mfupi ili umbo lake likae na nguvu yake iongezeke.

Kila fundi wa plastiki aliyekuwapo angeshauri kinyume chake: kinachokatika kikivutwa, kivute taratibu zaidi.

Mashine ya Cropper na kesi ya Garlock

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi hueleza wazi jinsi kitu kinavyotengenezwa, na umma humpa haki ya kuwazuia wengine kukitengeneza kwa muda fulani. Gore aliomba hataza Mei 1970. Ya kwanza, ya njia ya kutengeneza, ilitolewa mwaka 1976, na ya pili, ya bidhaa zenyewe, mwaka 1980.

John Cropper hakufanya hivyo. Mwaka 1967 aliandika barua kwa kampuni moja ya Massachusetts akiitaka inunue mashine yake, lakini hakuna kilichotokea. Mwaka 1968 aliiuza kwa kampuni ya Budd ya Marekani kwa mkataba wa kutunza siri, na Budd ikawataka wafanyakazi wake nao wanyamaze. Utepe uliotoka katika mashine hiyo uliuzwa wazi madukani. Aliyeununua hakuweza kuutazama na kutambua ulivyotengenezwa.

Kampuni ya Gore ilipoishtaki kampuni ya Garlock huko Ohio kwa kuvunja hataza, Garlock ilijitetea kwa kusema kwamba hataza ni batili, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa ikitumika tayari. Mwaka 1982 mahakama ya wilaya ilikubali. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ilitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo. Kwa maoni ya majaji walio wengi, yaliyoandikwa na jaji mkuu Howard Markey, anayefaidika na njia ya kutengeneza kitu huku akiuficha umma namna ya kukitengeneza hawezi kumzuia mwingine aliyekuja baadaye, akagundua peke yake na kwenda haraka kuieleza. Mahakama ilizingatia pia kwamba wataalamu wa wakati huo wasingetarajia kuvuta haraka kuzuie kukatika.

Mtu anaweza kuona ukali katika uamuzi huo, kwani Cropper alitangulia. Lakini kama siri yake ingetosha kuiangusha hataza, aliyefundisha wengine angepoteza na aliyeficha asingepoteza chochote.

Nguo za mvua

Utando wa ePTFE ulioungamanishwa na kitambaa ulianza kuuzwa mwaka 1976. Kampuni ilieleza kwamba kitundu kimoja ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke wa maji. Ulinganisho huu umerudiwa mahali pengi, nao hauelezi jambo zima, kwa sababu maji si mipira migumu: yakisukumwa vya kutosha yatapita katika tundu lolote. Kinachoyazuia ni kwamba hayatandai juu ya PTFE. Ili yaingie katika kitundu kidogo lazima yasukumwe kwa shinikizo kubwa kuliko la mvua. Mvuke hauna uso wa kuzuiwa hivyo, na hupita kutoka palipo na mvuke mwingi kwenda palipo na mchache.

Kwa hiyo koti la namna hii hufanya kazi vizuri penye baridi na hewa kavu, kwa mfano karibu na kilele cha Kilimanjaro. Katika joto la pwani ya Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika, hewa ya nje ina mvuke mwingi, na jasho hubaki ndani.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro. PTFE hukataa maji lakini mafuta hutandaa juu yake, na mafuta ya ngozi pamoja na jasho yaliingia katika vitundu mpaka makoti yakaanza kuvuja. Gore na mwenzake Samuel Allen waliongeza tabaka jembamba la polima inayopenda maji, na hataza yao ilitolewa mwaka 1980. Tabaka hilo halina vitundu; mvuke huyeyuka ndani yake na kutokea upande wa pili. Hivyo koti linalosifiwa kwa vitundu vyake limefunikwa kwa tabaka lisilo na kitundu.

Mishipa ya damu

Mwili haushambulii PTFE sana, na tishu huweza kuota katika nafasi kati ya nyuzi zake. Tangu miaka ya 1970 mirija ya ePTFE hutumika kuziba pengo la mshipa ulioharibika, na pia kuunganisha ateri na vena mkononi mwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Hapa urefu wa nyuzi kati ya vifundo ni muhimu: zikiwa fupi mno tishu haziingii.

Jambo hilo lilileta kesi nyingine. Peter Cooper wa kampuni ya Gore alimpelekea daktari David Goldfarb wa Arizona mirija ya kujaribu, na wote wawili wakaomba hataza mwaka 1974. Goldfarb alishinda kwa kuwa ndiye aliyetambua umuhimu wa urefu wa nyuzi, lakini hataza ilitolewa mwaka 2002, miaka 28 baada ya ombi. Mwaka 2007 jopo la raia walioamua kesi liliitaka Gore ilipe dola milioni 185.

Madhara

PTFE yenyewe haina sumu kubwa katika matumizi ya kawaida, ingawa kikaango kikiachwa kitupu juu ya moto mkali hutoa moshi unaoweza kuua ndege wa kufugwa. Madhara makubwa yalitoka viwandani. Kwa miongo mingi unga wa PTFE ulitengenezwa kwa msaada wa asidi iitwayo PFOA, kemikali isiyooza. Katika eneo la Parkersburg, West Virginia, PFOA kutoka kiwanda cha DuPont iliingia katika maji ya kunywa. Wanasayansi walioteuliwa kufuatia kesi ya wakazi walikuta uhusiano unaowezekana na magonjwa sita, yakiwemo saratani ya figo na saratani ya korodani. Mwaka 2017 DuPont na Chemours zilikubali kulipa takriban dola milioni 671 kumaliza kesi zipatazo 3,550. PFOA iliongezwa mwaka 2019 katika orodha ya kemikali za kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm.

Tangu mwaka 2022 kampuni ya Gore imeuza nguo zenye utando wa polietileni iliyovutwa, isiyo na florini. Tando zenye vitundu za polietileni na polipropileni zilikuwa zikitumika tayari kutenganisha ncha mbili ndani ya betri za lithiamu. Polietileni huyeyuka karibu na sentigredi 130, chini sana kuliko PTFE. Ndani ya betri udhaifu huo una faida: joto likizidi, vitundu hujiziba na mkondo wa umeme hukatika.