Mboga za Nyuma ya Nyumba, na Amri ya Uhamisho

Yeyote aliyepata kuishi katika lain za polisi au kambi ya jeshi anaijua vema wiki ya tatu ya mwezi. Mshahara umekwisha, mwenye duka ameanza kutazama pembeni ukiingia, na chakula cha nyumbani kimekuwa posho na maharagwe leo, maharagwe na posho kesho. Jioni moja ya mwezi wa Mei, katika wiki kama hiyo, mimi na mke wangu tulikaa kizingitini tukichambua sufuria nzima ya nakati iliyotoka hatua kumi tu kutoka jikoni mwetu. Haikutugharimu hata shilingi moja. Watoto walikula wakamaliza, kisha wakaomba tena, jambo ambalo maharagwe hayajapata kulisababisha nyumbani kwangu.

Yafaa nieleze kwamba askari katika nyumba yetu ni mke wangu. Mimi ni mtumishi wa serikali wa ofisini, niliyeanza kazi kwa kusomea ualimu wa Gredi ya Tatu, na kilimo nilikifunzwa kwenye bustani ya chuo. Mwanzoni wanaume wenzangu wa lain walinicheka waliponiona nimeshika jembe nyuma ya jiko huku mwenye nyumba akiwa zamu. Siku hizi huja kuomba mbegu.

Lakini sikuanza kwa busara. Mwaka 2017 tulikuwa Jinja, nami nikajaza kiwanja chote nyanya, kwa kuwa nyanya ndizo zilizokuwa ghali sokoni. Nyanya ni mboga ya mtu asiyehamishwa. Tangu mche kutolewa kitaluni hadi tunda la kwanza kuiva hupita miezi miwili na nusu, pengine mitatu, na katika mvua za masika ukungu huzishambulia majani yakawa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Nilizifunga kwenye vijiti, nikakata majani ya chini yasiguse udongo, nikazinusuru nyingi. Zilipoanza kubadilika rangi, amri ya uhamisho ikafika: Soroti, katika siku saba. Tulichuma zile zilizokwisha kukomaa zingali kijani, tukazifunga katika sanduku pamoja na ndizi mbivu, maana hewa itokayo katika ndizi huharakisha kuiva kwa nyanya. Zilizobaki tuliziacha. Mke wangu, ambaye sijamwona akilia kwa ajili ya kazi, alilia kwa ajili ya nyanya.

Tulifika Soroti jioni, watoto wamechoka, jiko halijawashwa. Nyuma ya kota tuliyopewa tulikuta shina ishirini za sukuma wiki na tuta la kunde, vyote vimestawi. Familia iliyotutangulia nayo ilikuwa imehamishwa. Usiku ule tulikula mboga za watu tusiowajua, na nilipokuwa nikitafuna nilifahamu kosa langu la Jinja. Nilikuwa nimepanda kwa kufuata bei ya soko, badala ya kufuata muda niliokuwa nao.

Tangu hapo nimegawa bustani kwa kalenda. Sehemu ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, ni ya mboga za haraka. Mchicha, ambao Waganda huuita ddodo, huwa tayari kwa wiki tatu au nne tangu mbegu kuanguka udongoni. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo zitawanyike sawasawa. Majani ya kunde nayo hayazidi mwezi. Hapa pana burudani ya lain zetu: jani moja lina majina kama makabila ya gwaride. Mteso huliita eboo, Mwacholi boo, Mganda ggobe, na kila mama huamini kwamba ni kwao tu wanakojua kulipika. Nakati huchukua muda kidogo zaidi, takriban miezi miwili. Wengi huing'oa na mizizi yake. Mimi huikata juu ya ardhi, nayo huchipua tena.

Sehemu ya pili ni ya sukuma wiki. Panda mche mmoja mbali na mwenzake kiasi cha nusu mita, hata kama macho yatakuambia unapoteza nafasi. Baada ya wiki tano au sita utaanza kuchuma, na kuanzia hapo shina litakulisha miezi mingi iwapo utachuma majani ya chini tu na kuacha manne au matano ya juu. Jirani yangu mmoja alimtuma mtoto kuchuma, mtoto akakata vichwa vyote. Nyanya nimezibakizia kona moja, shina sita, kama mtu anayenunua tiketi ya bahati nasibu.

Maji ya kusuuzia vyombo na nguo yanatosha kumwagilia bustani ndogo, ila yasiwe yale yenye sabuni nyingi. Vidukari wanaojificha chini ya majani ya sukuma huondoka kwa kufutwa kwa mkono na kunyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, na majani hayo huoshwa vizuri kabla ya kupikwa. Kuhusu kuku wa jirani, dawa yake ni uzio, au mazungumzo.

Sasa tuje jikoni, kwa maana huko ndiko mavuno mengi mema huharibiwa. Chuma asubuhi, jua halijapanda, wakati majani yamejaa maji. Osha kwanza ndipo ukate; ukikata kisha ukaloweka, vitamini C huyeyuka ikamwagwa pamoja na maji. Vilevile usichemshe hadi mboga ibadilike kuwa rangi ya kahawia, kama nilivyozoea kuona katika majiko makubwa ya chuo. Rangi ya kijani iliyokolea katika majani hayo huficha kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho ya watoto, nacho hakiingii mwilini vema pasipo mafuta kidogo. Ndiyo maana nawasifu mabibi wa zamani ambao hawakusoma kitabu chochote cha lishe lakini walitia karanga za kusaga, au ile rojo ya ufuta na karanga ya kaskazini iitwayo odii. Mboga yenye uchungu kama mgagani, ambayo Waganda huiita jjobyo, hutulizwa kwa maziwa. Na chai ya rangi, ambayo sisi watu wa ofisi hatuwezi kuiacha, ingojee saa moja baada ya chakula, kwa sababu huzuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika majani.

Upishi niupendao kuliko wote nilifundishwa na mama mmoja wa Masaka: nakati hufungwa ndani ya jani la mgomba, ikawekwa juu ya matoke yanayoiva kwa mvuke, ikaiva bila kuguswa na maji. Ukifungua lile jani, harufu yake huwaita watu wa nyumba tatu. Nasema hivyo kwa uhakika, maana wamekwisha kuja.

Juma lililopita amri nyingine ilifika. Safari hii sikukimbilia kuchuma kila kitu. Tumekula mchicha wote uliokuwa tayari, tumekausha majani ya kunde kivulini yakajaa mfuko mmoja wa kusafiria, na mbegu za nakati nimezifunga katika karatasi ndani ya mfuko wa koti. Sukuma tumeziacha zikiwa na majani yake ya juu. Jana, baada ya kazi, nimesia mchicha mpya katika tuta lililobaki wazi. Mke wangu aliniuliza ni wa nani, nikamwambia sijui, bado hawajafika. Tunaondoka Jumatatu, na mtoto wetu mkubwa amepewa kazi ya kumwagilia hadi Jumapili jioni.