Kengee, Mpindo na Ncha: Istilahi za Kiswahili katika Utambuzi wa Panga za Kale

Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi umbo la kengee, yaani bapa lote la chuma la upanga, linavyosaidia kutambua silaha za kale za Afrika Mashariki, na yanaonyesha kwamba Kiswahili kina istilahi za kutosha kwa kazi hiyo. Suala hili lina uzito wa kisera. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurejesha mali za utamaduni zilizopatikana enzi za ukoloni. Kwa Rwanda, iliyokuwa chini ya Ubelgiji hadi 1962, fursa hiyo inategemea ushahidi. Kifaa kilichoorodheshwa kwa maneno “upanga, Afrika Mashariki” ni vigumu kukidai kwa hoja madhubuti.

Umbo kabla ya jina

Japani ni mfano mzuri wa fani hii iliyokomaa. Huko mtaalamu hutazama kwanza umbo zima, liitwalo sugata, kabla ya kusoma jina la mhunzi lililochongwa kwenye msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia mpinini. Sababu ni kwamba panga nyingi ndefu zilifupishwa kutoka upande wa msuka, na jina likapotea. Tena majina ya kughushi si haba. Umbo husema zaidi. Mpindo uliozidi karibu na mpini, koshizori, huashiria hasa kazi za karne ya 12 na 13, zama za wapiganaji wa farasi. Mpindo uliosogea kuelekea ncha, sakizori, huashiria karne ya 15 na 16, askari wa miguu walipohitaji upanga wa kuchomoa haraka. Ncha kubwa iliyorefuka huelekeza kwenye karne ya 14.

Maumbo ya kwetu

Njia hiyo inafaa hapa kwetu. Sime ya Wamaasai ina makali pande mbili. Ni nyembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea ncha mithili ya jani. Inkota ya Rwanda nayo ina makali pande mbili. Orodha inayotaja idadi ya makali pekee haiwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana mahali kengee inapopanuka sharti papimwe.

Mfano wa pwani unaonyesha hasara ya kupuuza lugha. Katika Kiswahili, kitara ni upanga uliopinda. Hata hivyo, wakusanyaji wa silaha wa Ulaya na Marekani wamezoea kuuita “kattara” upanga wa Oman ulionyooka, wenye makali mawili na mpini usio na kikingio. Mwandishi wa orodha anayefuata mazoea hayo ataandika “kitara” juu ya upanga usiopinda hata kidogo, na msomaji wa Kiswahili atapotoshwa katika lugha yake mwenyewe.

Aidha, kengee nyingi zilizotumika Oman na Zanzibar zilifuliwa Ulaya, kisha zikatiwa mipini na mafundi wa huku. Mpini haushuhudii asili ya chuma, wala chuma hakishuhudii asili ya mpini.

Mapendekezo

Kwanza, kila kumbukumbu ya makumbusho itaje makali, mpindo na mahali unapozidi, upana, mfuo au uti wa katikati, ncha, na msuka. Pili, kengee, mpini na ala viandikiwe maelezo mbalimbali. Tatu, maelezo yawe ya Kiswahili, lakini jina la kifaa libaki katika lugha ya wenyewe: inkota isigeuzwe kuwa sime, wala sime kuwa kitara. Kwa njia hiyo Kiswahili kitaunganisha orodha za Huye, Nairobi na Zanzibar bila kuzimeza lugha nyingine.

Hitimisho

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikakikubali kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021. Hadhi hiyo ipewe kazi ya kufanya. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na makumbusho za nchi wanachama, inaweza kuanza na faharasa fupi ya istilahi hizi. Mazungumzo ya urejeshaji yatakapofika mezani, anayeweza kueleza umbo la kitu chake atasikilizwa kabla ya anayejua jina lake tu.