Uhalisia wa Bandarini: Adam Shafi Mbele ya Émile Zola

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba uhalisia katika riwaya ya Kiswahili ni vazi la kuazima kutoka Ufaransa. Dai hilo lina chembe ya kweli, maana nadharia yenyewe ilikomaa huko. Lakini Kuli ya Adam Shafi Adam, iliyochapishwa mwaka 1979, yatupa sababu ya kulipinga.

Tumtazame kwanza Mfaransa mwenyewe. Émile Zola (1840–1902) alikusudia kuichunguza jamii yake kama tabibu achunguzavyo maradhi. Mwezi wa Februari 1884, wachimba makaa wa Anzin walipokuwa wamegoma, alikwenda huko, akashuka shimoni, akayaandika aliyoyaona. Mwaka uliofuata ikatoka Germinal. Siku ya maziko yake wachimba migodi walifuata jeneza wakilitamka jina la riwaya hiyo, na sidhani kwamba mwandishi aweza kupata heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo, Zola alikuwa na itikadi moja inayotutatiza: kwamba ulevi na wazimu wa wazazi hupita katika damu ya wana. Étienne Lantier, kiongozi wa mgomo katika Germinal, anapambana na mwajiri na papo hapo anapambana na damu yake mwenyewe.

Rashidi wa Kuli naye ni mrithi. Lakini anachokirithi ni kazi. Baba yake anafia bandarini, naye mwana anaingia palepale kubeba mizigo ileile. Hapana ila yoyote katika damu ya ukoo huu; ila imo katika ujira na katika mapatano baina ya mwenye meli na mwenye mabega. Shafi, aliyezaliwa Unguja mwaka 1940 na kusomea ualimu kabla ya kwenda masomoni Ujerumani ya Mashariki na Chekoslovakia, aliuona umaskini kuwa jambo lenye historia. Ndiyo sababu riwaya yake inaelekea kwenye mgomo wa Unguja wa mwaka 1948, ambao kweli ulitokea.

Msomaji wa Changamwe au Likoni hana haja ya kufafanuliwa habari hizo. Mwaka mmoja kabla ya mgomo wa Unguja, tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi, wa bandari, wa reli, hata wa majumbani, na mji ukasimama kwa muda wa siku kumi na mbili. Chege Kibachia, aliyekuja kuwa kiongozi wao, alikamatwa mwaka uo huo akahamishiwa mbali na pwani. Lugha yetu nayo imehifadhi ushahidi wake: kibarua, kabla ya kuwa mtu, kilikuwa kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake! Zola angalilipata neno kama hilo, nadhani angaliliandikia sura nzima.

Kwa hiyo chimbuko la uhalisia wa Shafi lipo katika gati na gunia. Hilo halimaanishi kwamba Kuli haina kasoro. Faraji, anayemwamsha Rashidi, aghalabu huzungumza kana kwamba yuko jukwaani, na msomaji huuona mkono wa mwandishi ukimsukuma kwa nyuma. Zola alijihadhari zaidi: maneno ya wanasiasa wake yanagongana, wala hatujui kwa hakika ni nani mwenye haki.

Shafi alijisahihisha. Katika Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, siasa za kupinga ukoloni zimo tele, lakini zinapita katika maisha ya Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda. Anapoukimbia mlango wa mumewe usiku, hakuna mtu anayemhutubia kuhusu uhuru. Anatafuta tu mahali pa kulala, akaenda Ng'ambo kwa Mwajuma.