Damu ya CD4 Haiwekwi Kwenye Friji

Huenda umeitwa tena kliniki kwa sababu damu ya mtoto iliyotolewa kupimwa CD4 "imeharibika". Wengine hunong'ona kwamba tunaiuza. Hapana, haiuzwi.

CD4 ni chembechembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili, na virusi vya Ukimwi huzishambulia. Mashine huzihesabu, kwa hivyo sharti zifike maabara zikiwa nzima. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande. Tukishatoa damu tunakigeuza polepole mara 8 hadi 10. Hatukitikisi kama chupa ya soda. Damu ikiganda, chembechembe hunaswa ndani ya donge na hesabu huwa ya uongo.

Na friji? Maziwa yawekwe humo, sawa. Damu hii hukaa kivulini, kwenye joto la kawaida la chumba. Baridi huivuruga hesabu, na ikigeuka barafu chembechembe hupasuka. Jua kali pia ni adui. Zikipita saa 48, maabara nyingi huikataa. Ndiyo maana twakuomba uje mapema, kabla pikipiki ya kubeba damu haijaondoka.

Kwa mtoto aliyetimiza miaka 5, CD4 chini ya 200 hutufanya tutafute kifua kikuu haraka.

Lakini tangu 2016 Kenya haingoji CD4 ishuke ndipo dawa za virusi zianze. Damu ikirudishwa, mtoto aendelee kumeza dawa zake kila siku.